Marehemu Gego wa Mutomo

Mwalimu mmoja wa Mutomo, kusini mwa Kaunti ya Kitui, aliambiwa kwamba gego lake la juu upande wa kushoto limekufa. Kiini kimetolewa pamoja na neva zake, mifereji ya mizizi imesafishwa na kuzibwa, kazi imekwisha. Alilipa pesa ambazo sokoni zingemnunulia mbuzi wawili wa kueleweka, akarudi nyumbani akijihesabu miongoni mwa waliopona. Lakini marehemu hakunyamaza. Ganzi ilipoisha aliuma, wiki ilipoisha aliuma, na shule zilipofungwa bado alikuwa anauma.

Tena hakuuma ovyo. Alingoja muthokoi. Chakula hiki cha Wakamba ni mahindi yaliyotwangwa mpaka yakatoka maganda, yakachemshwa pamoja na maharagwe au mbaazi kwa muda ambao mpishi mwenyewe husahau aliinjika saa ngapi. Na hata hivyo, katika kila sahani hubaki punje moja ambayo habari za moto haikuzipata. Punje hiyo ilikuwa na mazoea ya kutua juu ya gego la mwalimu. Basi yeye hukatika maneno, kijiko kikabaki hewani, macho yakamtoka, na walimu wenzake hudhani amekumbuka mitihani ambayo hajasahihisha.

Ushauri haukuchelewa, maana Ukambani jino la mtu likiuma kila mpita njia ana hisa ndani yake. Mlinzi wa shule alisema ni mdudu, na kwamba daktari alimziba huyo mdudu humo ndani akiwa hai, ndiyo maana amekasirika. Mlinzi hakujua, lakini alikuwa na wenzake wa zamani sana: watu wa Babeli walimwandikia mdudu wa jino maneno ya kumfukuza kwenye mabamba ya udongo, na ilimchukua dunia mpaka karne ya 18, enzi za daktari Mfaransa Pierre Fauchard na kitabu chake cha mwaka 1728, ndipo matabibu wakaanza kumkana mdudu huyo. Mpishi wa shule hakubishana na mtu. Alichimba mizizi ya mutongu, ile ndulele ya miiba inayoota kando ya barabara, akasema tafuna. Jirani naye akaleta gome la mukenea, ambalo kwa Kiswahili ni mjafari. La mjafari si porojo, kwa kuwa ukilitafuna mdomo unakufa ganzi kweli. Mwalimu alilitafuna asubuhi akaingia darasani, na kwa kipindi kizima wanafunzi hawakusikia herufi b wala p.

Shemeji yake, ambaye hapendi mambo mafupi, alimuuliza kwa sauti ya chini, "Shemeji, kuna mtu ulimkataza njia shambani?" Kitui imesifiwa kwa uchawi Kenya nzima kupita kiasi chake, na sifa hiyo huwasumbua wenyeji hasa pale wanapoanza kuiamini.

Aliyemvunja moyo zaidi ni nyanya yake. Bibi huyu ni wa kizazi cha mwisho mwisho kilichochongwa meno ya mbele yakawa na ncha, pambo la Wakamba ambalo Gerhard Lindblom, mtafiti wa Uswidi aliyekaa Ukambani mwaka 1911 na 1912, alilieleza kitabuni mwake. Kazi ilifanywa kwa kipande cha chuma na cha kugongea, bila sindano wala dripu. Nyanya alimtazama mjukuu wake aliyeshika shavu, akatabasamu kwa makusudi ili ncha zote zionekane, akamwambia, "Sisi tuligongwa, tukaenda kuteka maji."

Sasa, kabla wasomaji hawajaanza kuchimba mizizi, afadhali lijulikane jambo moja. Mwalimu hakuwa akisingizia, na daktari wake wa kwanza hakudanganya. Jino lililotolewa kiini halihisi tena chai ya moto wala maji baridi. Lakini limeshikwa kwenye mfupa wa taya na nyuzi nyembamba ajabu, na nyuzi hizo zina neva zake ambazo hakuna anayezigusa wakati wa matibabu. Hizo ndizo zinazomjulisha mtu kwamba sukuma wiki haikuoshwa vizuri, hata kama mchanga uliobaki ni chembe moja. Zikivimba, kila tonge ni kesi. Uchungu wa siku chache baada ya matibabu ni jambo la kawaida. Ukipita hapo, pana sababu, na sababu ziko nyingi: jino lenye ufa, uambukizo uliobaki kwenye ncha ya mzizi, jino la jirani ambalo ndilo bovu, kizibo kilichozidi kimo, au mfereji uliosahauliwa.

Huo mfereji uliosahauliwa una historia yake. Gego la kwanza la juu huwa na mizizi mitatu, na mtu angetarajia mifereji mitatu, lakini mara nyingi huwa na wa nne, mwembamba, umejificha. Mapema katika karne ya 20, Walter Hess wa Zurich alijaza mpira ndani ya maelfu ya meno, akayayeyusha meno yenyewe, akabaki na umbo la mifereji peke yake. Ukiziona picha zake utadhani ni ramani ya Mto Athi na vijito vyake vyote vya msimu. Daktari anayefanya kazi humo anafanya kwa sindano nyembamba, ndani ya mdomo wa mtu anayetaka kumeza mate.

Kitu kinachozibiwa mifereji hiyo nacho si mgeni kabisa kwetu. Ni gutapacha, utomvu wa mti wa Malaysia na visiwa vya jirani, uleule uliofunika nyaya za telegrafu za chini ya bahari, pamoja na ule waya uliotoka Aden ukafika Zanzibar mwaka 1879, Sultan Barghash akiwa bado kitini. Mwalimu wa Mutomo alikuwa basi na malighafi ya kimataifa ndani ya taya, na mawasiliano bado yalikuwa mabaya.

Shemeji, baada ya kukosa mchawi wa kumtaja, ndiye aliyemwelekeza kwa daktari wa meno mjini Wote, Makueni. Safari ya huko kupitia Ikutha na Kibwezi sasa ni lami, na zamani ya vumbi inasimuliwa kwa majigambo na wote walioipitia. Lami, hata hivyo, huja na matuta, na dereva wa matatu aliyachukulia matuta hayo kuwa maoni tu ya serikali. Kila tuta lilipita kwanza kwenye gego, ndipo likafika kwenye kiti. Walipofika Makindu mwalimu aliomba kushuka. Hekalu la Masingasinga la hapo, lililojengwa mwaka 1926, humlisha msafiri yeyote bure bila kumuuliza dini wala kabila, na siku hiyo palikuwa na dengu iliyoiva mpaka ikalainika. Alikula kwa upande wa kulia, taratibu, akaongezwa.

Chumba cha daktari kule Wote kilinukia karafuu, kwa sababu mafuta yake bado hutumika katika dawa za meno, na mwalimu akatamani pilau kwa wakati usiofaa. Daktari, dada mwenye umri wa wanafunzi wake wa zamani, hakuanza na mashine.

"Mwalimu, linauma ukikaza meno au ukiachia?"

Hakuna mtu, katika wote waliokwisha kumshauri, aliyewahi kuuliza hivyo. Alipigwa eksirei mbili, moja kwa kuinamishwa pembeni ili mifereji isifichane. Yote minne ilikuwa imejazwa. Kisha akapewa karatasi nyembamba ya rangi ya buluu, akaambiwa auume na kusaga meno. Doa moja la buluu iliyokoza likatokea juu ya kizibo. Kilikuwa kimezidi kimo kwa sehemu ndogo sana ya milimita, na kila alipofumba mdomo gego hilo lilibeba taya nzima peke yake. Daktari alilisugua kidogo, akamrudishia karatasi, akasugua tena. Nyumbani habari hii ilipokelewa vibaya. "Karatasi tu?" aliuliza shemeji, aliyekuwa amejiandaa kwa jambo kubwa.

Si kila mmoja huponea karatasi. Mwaka 2010 watafiti walioongozwa na Donald Nixdorf wa Chuo Kikuu cha Minnesota walikusanya tafiti nyingi za meno yaliyotibiwa mizizi, wakakadiria kwamba kama meno 5 katika kila 100 bado huuma miezi sita au zaidi baadaye, na kwamba zaidi ya nusu ya maumivu hayo huenda hayatoki kwenye jino kabisa, bali kwenye misuli ya taya, kiungo chake au neva zenyewe. Muuza maembe mmoja wa Wote aliling'oa jino lililotibiwa, akang'oa la pili yake, na maumivu yakabaki palepale, sasa yakiwa na nafasi zaidi. Ikaja kugundulika kwamba usiku anasaga meno. Kung'oa ni rahisi kwa mfuko kuliko kutibu mzizi, ndiyo maana watu wengi hukimbilia huko, lakini jino likishatoka hakuna anayekurudishia.

Kwa hiyo wewe ambaye gego lako lilitangazwa kufa na bado linalalamika, rudi kwa aliyelitibu na eksirei yako ya kwanza mkononi. Mweleze linauma lini: ukikaza, ukiachia, ukinywa moto, au ukiamka. Ukivimba shavu, ukipata homa au ukashindwa kumeza, usingoje hata kesho. Na la jirani lisiguswe mpaka mtu akuonyeshe kosa lake.