Tiba ya Kusahau kwa Mheshimiwa Apitaye Sandoa

Dalili za ugonjwa huu tunazijua sote. Wakati wa kampeni mheshimiwa huwa na kumbukumbu ya ajabu: kila mama wa sokoni humwita kwa jina la mwanawe wa kwanza, anajua nani amefiwa, na barabara ya Kasaji anaikumbuka shimo kwa shimo. Tarehe 20 Desemba 2023 tulipopiga kura, kumbukumbu hiyo nayo ilitumbukia sandukuni pamoja na karatasi. Haijaonekana tena.

Usikate tamaa, mheshimiwa. Dawa zipo, na zote ni za bure, jambo ambalo najua litakufanya uzitilie shaka.

Anza na miguu. Mwaka 2011 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo yao juu ya wazee 120. Kundi moja lilitembea kwa bidii siku 3 kwa wiki, jingine lilinyoosha viungo tu. Mwaka ulipokwisha, hipokampasi, sehemu ya ubongo inayotunza kumbukumbu, ilikuwa imekua kwa asilimia 2 kwa watembeaji. Kwa wenzao ilikuwa imesinyaa. Kwa hesabu hiyo mama wa Sandoa, anayekwenda shamba la muhogo na kurudi na mzigo kichwani, ana ubongo wa profesa, na ndiyo maana hajasahau ulichomwahidi. Wewe shuka kwenye hilo gari la vioo vyeusi pale Kasaji, reli inapotuacha, uje huku kwa miguu. Chagua Januari, mvua ikiwa imekolea. Nakuhakikishia, barabara hiyo hutaisahau.

Lala vya kutosha. Ubongo hupanga mambo ya mchana wakati wa usingizi wa usiku. Narudia: wa usiku. Ule wa bungeni hauhesabiwi.

Kisha zima simu. Zote tatu. Ubongo haufanyi mambo mawili kwa pamoja. Huruka kutoka hili hadi lile, na kila ukiruka huacha kitu nyuma. Anayekula bukari huku akijibu ujumbe wa Kinshasa hatakumbuka kama sombe ilitiwa karanga, wala hatakumbuka Kinshasa ilitaka nini.

Mikono ikikuwasha bila simu, ipe mchanga. Wachokwe, walio huku kwetu na ng'ambo ya mpaka wa Angola, wana ufundi uitwao sona, ambao UNESCO iliuingiza kwenye orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2023 kwa ombi la Angola. Mchoraji husawazisha mchanga, hupiga safu za nukta kwa ncha za vidole, halafu huzungusha mstari kati ya nukta hizo bila kuinua kidole wala kusita, huku akisimulia kisa. Akikosea, watazamaji humcheka palepale. Sijui shule ya kutuliza akili inayoushinda mchanga huo. Upo mchoro mmoja mashuhuri wa njia aliyopita kuku aliyekuwa akikimbizwa. Kwa mtu wa siasa nadhani ndio mwepesi kuanza nao.

Zoezi la asubuhi ni kufunga kijitabu ulichokisoma na kujiuliza kilichomo, maana kujiuliza hukaza kumbukumbu kuliko kupitisha macho tena na tena. Tukuanzishie namba nne: 50, 25, 15, 10. Ndivyo sheria ya migodi ya 2018 inavyogawa mrabaha kwa asilimia: serikali kuu, mkoa, mji au uchifu wenye mgodi, na mfuko wa vizazi vijavyo. Wagonjwa wengi hukwama baada ya namba ya kwanza. Sandoa iko mbali na mashimo ya kobalti ya Kolwezi na Fungurume, kwa hiyo ile 15 hatuigusi. Ile 25 tunaikumbuka vizuri sana, kwa sababu mkoa wa Lualaba, tangu uzaliwe mwaka 2015, una teritwari 5, na Sandoa ni mojawapo.

Dawa kali kuliko zote ni ya hapahapa. Kwa Walunda, anayerithi cheo hurithi na jina, na pamoja na jina hurithi undugu na wajibu wa marehemu. Mwanaanthropolojia Ian Cunnison aliyaeleza haya miaka ya 1950 kwa Walunda wa Kazembe, waliotoka Musumba, makao ya mfalme wa Walunda, wakahamia Luapula: mwenye cheo husema "mimi nilivuka mto ule" akizungumzia safari iliyofanyika kabla babu yake hajazaliwa. Ofisini kwetu mrithi huchukua gari, muhuri na dereva. Ukimuuliza kuhusu daraja lililoahidiwa, anakuelekeza kwa aliyemtangulia. Basi dozi ni hii: siku ya kukabidhiwa ofisi, kabla hujagusa ufunguo wa gari, simama mbele ya watu useme, "Mimi ndiye niliyeahidi daraja." Ukiweza, umepona. Ulimi ukigoma, hukuwa mgonjwa tangu mwanzo.

Nanyi wasomaji wa Sandoa, Kasaji na Dilolo, msimwachie mgonjwa ajitibu peke yake. Kila ahadi iandikeni kwenye daftari, na tarehe yake, na majina ya mashahidi wawili, mumsomee kwa sauti atakaporudi kuomba kura.