Mwongozo kwa Mgeni Anayekuja Karurumo na Simu Mkononi

Karurumo ni soko la eneo bunge la Runyenjes, Kaunti ya Embu. Ukiteremka hapo kutoka kwenye matatu, hutaulizwa kwanza umetoka wapi. Utaulizwa kama ni kweli WhatsApp itaanza kulipiwa. Usikurupuke kujibu. Swali hili limekuwepo tangu simu janja ziingie sokoni, na jibu lake linajulikana na wote: ni kweli, inaanza kesho. Kesho hiyo haijafika hata mara moja, lakini kutofika kwake kunachukuliwa kuwa ushahidi kwamba iko njiani.

Mgeni aliye hatarini zaidi ni yule aliyesomea kompyuta. Akijitambulisha hivyo, kabla chai haijapoa ataletewa simu iliyotumbukia kwenye ndoo ya maziwa, king'amuzi kilichozima tangu Kombe la Dunia, na akaunti ya Facebook ya marehemu ambayo kila mwaka inawahimiza watu wamtakie heri ya kuzaliwa. Atatarajiwa kuvishughulikia vyote bure, maana "kazi yako si kubonyeza tu?" Sema unauza mbegu za mahindi. Hata hivyo maoni utaulizwa, kwa hiyo ni vyema ujue yanavyotolewa.

Yanatolewa mahali patatu: steji ya boda, kwa kinyozi, na hotelini penye chai na mandazi. Steji ndiyo yenye habari mpya zaidi. Chanzo chake ni kimoja: "Niliona mahali." Usiulize ni mahali gani. Anayeuliza chanzo anamwita mwenzake mwongo mbele ya abiria, na nauli yake ya kurudi itapanda. Hotelini mambo ni ya taratibu zaidi, kwa sababu kuna wazee, na mzee akisema akili unde ndiyo iliyoharibu mvua ya mwezi wa nne, wewe sema, "Hata mimi nimesikia hivyo, mzee," kisha umwongezee sukari. Kumsahihisha mbele ya vijana ni kosa ambalo hakuna mahakama iliyowahi kulisamehe.

Sasa kanuni yenyewe. Karurumo, kama kwingineko Kenya, hatari ya teknolojia lazima itoke mbali. Ikitoka karibu haihesabiki. Zuckerberg anakusikiliza. Bill Gates ana mpango. Satelaiti inapita juu ya shamba lako la kahawa saa tisa usiku ikihesabu miche. Ukiyasema haya kwa sauti ya chini, huku ukitazama juu kidogo, utapata kiti. Ukisema kwamba mpwa wa mwenye hoteli anajua nambari ya siri ya M-Pesa ya mwenye hoteli, utaonekana umekuja kuvunja familia.

Chukua kisa cha Worldcoin. Kati ya Julai na Agosti 2023, watu walipanga foleni KICC jijini Nairobi ili wapigwe picha ya mboni na mpira wa chuma, wapewe sarafu za kidijitali zenye thamani ya kama Sh7,000. Tarehe 2 Agosti aliyekuwa Waziri wa Usalama wa Ndani, Kithure Kindiki, akasimamisha shughuli hiyo. Tayari zaidi ya Wakenya 350,000 walikuwa wamejisajili. Mei 2025, Jaji Roselyne Aburili wa Mahakama Kuu akaamuru data hiyo ya miili ya watu ifutwe ndani ya siku saba. Karurumo kuna makundi mawili kuhusu jambo hili. La kwanza linasema waliochungulia ule mpira waliuza roho. La pili linanung'unika kwamba mpira haukuletwa huku, na lingependa kujua ni nani aliyeuzuia kule Thika. Msimamo salama kwa mgeni ni kusema kwamba Kindiki ni jirani, mwana wa Tharaka Nithi, ng'ambo tu ya mto Thuci. Makundi yote mawili yatakubali, na mazungumzo yatahamia siasa, ambako angalau kila mtu anajua anachokosea.

Lakini mtazame vizuri yule aliyesema hawezi kukubali kupigwa picha ya jicho. Akiingia ofisi yoyote mjini Embu, anaacha kitambulisho chake langoni kwa askari asiyemjua, na nambari yake ya simu anaiandika kwenye daftari lililo wazi, chini ya nambari za wenzake kumi. Akikutana na kijana wa mwavuli anayesajili laini, anapigwa picha, anaambiwa "imekataa," anapigwa tena. Haulizi ile iliyokataa ilikwenda wapi. Mara nyingine haikukataa. Ilisajili laini ya pili kwa jina lake, na laini hiyo sasa iko mikononi mwa mtu anayepigia watu simu akiwa na sauti ya upole sana.

Huyo wa sauti ya upole anastahili kuelezwa kwa urefu, kwa sababu utakutana naye hata usipoteremka Karurumo. M-Pesa ilizinduliwa Machi 2007, na sidhani matapeli walichelewa sana. Mbinu kongwe bado inafanya kazi: unapokea ujumbe unaofanana na wa M-Pesa, ila umetoka kwenye nambari ya kawaida, unasema umetumiwa Sh3,500. Dakika haijaisha mtu anapiga, analia. Pesa hizo zilikuwa za dawa ya mama. Zilikosea njia. Anakubembeleza, "Nirudishie tu elfu tatu, hiyo nyingine kunywa soda." Tazama ukarimu huo wa soda, ndio unaowamaliza watu wa kanisa. Aliyekosea kwa kweli hana haja ya kukulilia. Anatuma ujumbe wake wa M-Pesa kwenda 456, na kampuni ya simu inashughulikia. Naye anayejiita mhudumu wa Safaricom huku akipiga kwa nambari ya kawaida si mhudumu. Kampuni yenyewe imetangaza mara nyingi kwamba hupiga kwa 0722 000 000. Tanzania nao wanao wao, maarufu kwa ujumbe unaoanza katikati ya habari, "Ile pesa tuma kwenye namba hii," kana kwamba mlikubaliana jana.

Karurumo hakuna anayebisha kwamba matapeli wapo. Ubishi ni kuhusu wanakokaa. Wengi husema Kamiti, gerezani. Wajuzi husema Mulot, kule mpakani mwa Bomet na Narok, mahali ambapo polisi wamewahi kufanya misako mingi kwa sababu ya wizi wa laini za simu. Ukitaka kuonekana umeelimika, taja Mulot. Usithubutu kusema kwamba wewe hujawahi kutapeliwa. Hotelini hapo kuna waliotapeliwa watatu kwa uchache, nao wanajulikana kwa dalili moja: wanasema mtoto alikuwa akichezea simu.

Kisha nenda ukasimame kwenye foleni ya wakala wa M-Pesa siku ya malipo ya kahawa. Shosho ana simu ya mulika mwizi na macho hayaoni vizuri. Anampa wakala simu. Wakala anauliza nambari ya siri, naye shosho, mtu mkweli tangu ujana wake, anaitamka kwa sauti ya kumfikia hata anayepima mahindi dukani jirani: moja, tisa, tano, nane. Ndio mwaka aliozaliwa. Foleni nzima sasa inajua umri wake na akiba yake. Hakuna anayeshtuka. Nyuma yake amesimama yule mzee wa akili unde, na anatikisa kichwa kwa huzuni, kwa sababu kwenye simu yake amesoma kwamba Amerika wanatusikiliza.

Simcheki shosho. Aliyetengeneza huduma inayomtaka mtu asiyeona vizuri ajisomee herufi za ukubwa wa mchwa, kisha akaandika ukutani "Usimpe mtu nambari yako ya siri," ndiye anayestahili kuchekwa.

Tuje kwa sheria, maana hapo wageni wengi wameumbuka. Kila kikundi cha WhatsApp cha kijijini, kiwe cha chama, cha mazishi au cha wazazi wa shule, kimepokea ujumbe kwamba kuanzia leo simu zote zinarekodiwa na kwamba ukiona tiki tatu, mbili za buluu na moja nyekundu, serikali inakuja kwako. Ujumbe huo umezunguka dunia na hauna ukweli. Ila sheria ipo. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ilitiwa saini na Uhuru Kenyatta tarehe 16 Mei 2018. Chama cha wanablogu, BAKE, kilikwenda kortini; Jaji Chacha Mwita akasimamisha vifungu 26; Februari 2020 Jaji James Makau akasema sheria iko sawa. Kwa mwenye kuchapisha uongo akijua ni uongo, iliwekwa faini ya hadi Sh5 milioni au kifungo cha hadi miaka kumi. Oktoba 2025 Rais Ruto akatia saini marekebisho yake. Tume ya Haki za Binadamu ya Kenya, lile shirika lisilo la serikali, na mwimbaji wa injili Reuben Kigame wakaenda kortini, na wiki moja baada ya saini sehemu yake ikasimamishwa kwa muda.

Karurumo inakumbuka kitu kimoja katika yote hayo: milioni tano. Vifungu havijulikani, lakini kiasi kinajulikana, na hupanda kadiri msimuliaji anavyozidi kukuchukia. Tiba yake nayo inajulikana. Unapotuma uvumi, unaandika chini yake, "Nimetuma kama nilivyopokea." Maneno hayo matatu yanaaminiwa kuosha kila dhambi. Kuna admin mmoja kwa kila kikundi anayeamini kwamba atafungwa yeye kwa niaba ya wote, naye hutuma onyo alfajiri, kisha saa mbili asubuhi anatuma picha ya nyoka mwenye vichwa saba aliyepatikana Mombasa.

Kuna jambo moja usilolifanyia mzaha Embu. Tarehe 21 Desemba 2024, kijana mmoja, mwanafunzi, alitekwa mjini Embu akiwa kwa kinyozi, baada ya kuhusishwa na picha ya kumkejeli rais mtandaoni. Vijana wa Embu waliandamana barabarani. Alirudi nyumbani tarehe 6 Januari 2025. Hakusomewa kifungu chochote siku ile. Kwa hiyo kinyozi akinyamaza ghafla unapotaja rais na picha, usidhani ni mjinga wa sheria. Anajua kwamba wanaokuja na gari lisilo na nambari hawabebi nakala ya sheria. Na Mei 2025, Rose Njeri alikamatwa Nairobi kwa kutengeneza ukurasa uliowasaidia wananchi kuandikia Bunge kupinga Mswada wa Fedha. Tarehe 20 Juni mahakama ikasema mashtaka yale hayakuonyesha kosa lolote. Siku alizolala korokoroni hakurudishiwa.

Kuna sheria nyingine ambayo ingewafaa sana watu wa hapa, nayo haitajwi kabisa: Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Septemba 2023, Kamishna Immaculate Kassait alitoza faini taasisi tatu. Shule ya Roma ya Uthiru, Sh4,550,000, kwa kuweka picha za wanafunzi wadogo mtandaoni bila idhini ya wazazi. Mkahawa wa Casa Vera, Sh1,850,000, kwa picha ya mteja. Mulla Pride, kampuni ya mikopo ya simu, Sh2,975,000, kwa kuwasumbua watu kwa majina na nambari walizochukua kwingine. Hiyo ya mwisho Karurumo inaifahamu kwa uchungu, ila si kama kosa la mkopeshaji. Mtu akikopa elfu mbili kwenye programu ya simu, akachelewa, wakampigia mama mkwe, pasta na mwenyekiti wa chama, kijiji kinasema alikula pesa za watu na amepata alichotafuta. Mweleze mwenye aibu kwamba angeweza kulalamika kwa Kamishna. Mweleze mkiwa wawili. Mbele ya mama mkwe hatakusikia.

Ila usimwambie mwalimu mkuu kwamba picha zile za siku ya zawadi zilihitaji idhini ya wazazi. Atakuuliza mtoto wako yuko darasa la ngapi.

Mgeni mwema, basi fanya haya kabla hujapanda matatu. Bonyeza *106# kwenye laini yako ya Safaricom uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoijua, nenda dukani kwao ikafutwe. Shosho mfundishe abadilishe nambari yake isiwe mwaka wa kuzaliwa, na umfundishie nyumbani. Na yule wa sauti ya upole akipiga tena, usibishane naye wala usimhubirie. Kata simu, tuma nambari yake kwenda 333. Haitozwi hata senti.