Sifa za Kodi Inayoning'inia

Neno kodi lina maana mbili katika lugha yetu, na zote mbili zinauma: moja mfukoni, nyingine kwenye ncha za vidole. Mpiga gitaa akisema "nipe kodi ya D" hamaanishi mapato ya serikali. Anataka nyuzi kadhaa zilie pamoja. Katika ukoo huo wa kodi za muziki kuna mdaiwa sugu mmoja, yule anayeandikwa sus, ambaye mimi humwita kodi inayoning'inia. Wanafunzi wa gitaa humkimbia. Mimi nimekuja kumsifu.

Tuanze na utukufu wa kutokuwa na msimamo. Yeyote aliyepita kwenye kwaya anajua do-mi-so. Do ni mwenye nyumba, so ni nguzo, na mi ndiye msema kweli: akisimama mahali pake kodi ni meja, uso unacheka, akishuka nusu hatua ni maina, tumeshafika msibani. Kodi inayoning'inia imemfukuza msema kweli huyo. Kiti chake imempa fa, ikawa sus4, au imempa re, ikawa sus2. Ukiiuliza kama ina furaha au huzuni, inakujibu kama karani wa dirishani: njoo kesho. Ningekuwa na busara hiyo siku shemeji aliponiuliza pilau lake nimelionaje, leo tungekuwa tunasalimiana.

Halafu inatoa ajira. Kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto huishi maisha ya mtoto wa tajiri. Wenzake wanabonyeza, yeye ameinuka hewani kama anashika kikombe cha chai. Piga D ya kawaida, kisha mwamuru akanyage freti ya 3 kwenye uzi wa kwanza, mbele ya kidole cha kati kilichoko freti ya 2. Hiyo ndiyo Dsus4. Wiki mbili za kwanza hatafika, au atafika akiwa amemlalia jirani, na uzi utatoa sauti ya bati lililokwaruzwa. Mvivu zaidi anyanyue kidole cha kati tu, uzi wa kwanza ulie mtupu, awe na Dsus2. Hebu nionyeshe fani nyingine ambamo kuacha kazi kunahesabiwa kuwa ujuzi mpya.

Na ujanja wake wa mjini! Csus2 ni do-re-so, yaani C, D na G. Gsus4 ni G, C na D. Sauti ni zilezile tatu, majina mawili. Mtu wa namna hiyo hukopa unga duka la huku kwa jina la baba, na sukari duka la kule kwa jina la babu, na ukitaka kujua leo ni nani, sharti umtazame mpiga besi. Besi ikikaa kwenye C, ni wa ukoo wa C. Ikihamia G, amehama na wewe umebaki na daftari lako la madeni.

Wazee wa muziki wa kanisa kule Ulaya walimjua mapema, wakamwekea masharti. Sauti ya kuning'inia ilipaswa kwanza isikike kwa amani katika kodi iliyotangulia, kisha ibaki palepale wenzake wakihama, ikwaruzane nao kidogo, hatimaye ishuke hatua moja na kutua. Fa itue kwenye mi. Ndiyo njia ileile ambayo sauti moja hupita katika "Amina" ya mwisho wa tenzi, na ndiyo maana Amina hiyo humfanya mtu aegemee benchi. Pete Townshend wa bendi ya The Who bado alilipa deni hilo la kutua mwaka 1969, katika "Pinball Wizard", ila alilipa kwa kasi ya mkono uliopandwa na mashetani: inaning'inia, inatua, inahamia kodi nyingine, inaning'inia tena. Miaka minne kabla yake, mpiga piano wa Marekani, Herbie Hancock, alikuwa ameshaondoa aibu kabisa. "Maiden Voyage" yake inatoka kodi moja inayoning'inia hadi nyingine bila haraka ya kutua. Deni likalipwa kwa deni, na dunia ikaita sanaa.

Nami nilijaribu usanii huo usiku mmoja, chumbani kwangu. D, Dsus4. Dsus4. Dsus4. Saa nzima nilikuwa nakifundisha kidole kukaa, sikukifundisha kutoka. Mlango ukagongwa. Mwenye nyumba, mzee aliyeimba kwaya miaka mingi, amesimama na msuli.

"Nimekuja kwa ajili ya kodi," akasema.

"Shikamoo mzee. Mwisho wa mwezi huu, kwa kweli, kuna hela naisubiri..."

"Siyo hiyo, mwanangu. Hiyo unayopiga. Imalizie, nilale."

Nikanyanyua kidole cha mwisho. Mi ikalia. Mzee akashusha pumzi, akasema ahsante, akarudi kwake. Ile nyingine hakuikumbuka mpaka Alhamisi.