Kaimu Draiva

(Usiku, ndani ya kompyuta ya mezani iliyoletwa nchini ikiwa imeshatumika, katika steshenari moja ya Manzese. Fundi ameondoka na kuiacha inawaka. Wakazi wa humo wameitisha kikao cha dharura.)

KIOO: Jamani, kabla ya ajenda nina malalamiko. Mimi nina nukta 1920 kwa 1080. Tangu huyu bwana ashike ofisi, napewa 1024 kwa 768 na kulazimishwa kuzivuta mpaka zinienee. Jana kaletwa bi harusi wa watu, kwangu akatokea amepanuka kwa theluthi nzima.

PROSESA: Na dada wa dukani akafanyaje?

KIOO: Akambana! Akambana mpaka kwa macho yake akaona amekaa sawa, kisha akachapisha kadi zote za mwaliko. Printa haina habari na mambo ya kioo. Karatasini bi harusi katoka kama ufito. Mchana huu wamekuja mashangazi kuuliza nani kamkondesha mtoto wao.

KAIMU: Mchango mzuri. Ofisi yangu imeupokea na inaufanyia kazi. Bibi Kadi, shikamoo.

BIBI KADI: Marahaba. Unaufanyia kazi gani, mwanangu, na hunijui hata jina? Mimi ni GeForce 210, kadi ya michoro ya mwaka 2009. Tangu ufike, hujanituma hata kuchora mstari.

KAIMU: Bibi, mimi ni draiva ya msingi ya Windows. Kadi ije ya mwaka wowote, ya kiwanda chochote, naishika. Sibagui.

PROSESA: Hubagui kwa sababu humtumii yeyote! Michoro yote nachora mimi. Mteja akifungua video, natokwa na jasho, picha inakwama, halafu watu wanasema kompyuta ni nzito. Na bibi yupo hapo amekaa, mzima, na mshahara wa umeme anapokea.

BIBI KADI: Nimeomba kazi mimi? Nimesimamishwa.

FENI: (anakohoa) Naomba niseme. Chanzo ninacho mimi.

KAIMU: Kwa ufupi, muda hautoshi.

FENI: Ni vumbi. Dirisha linatazama barabara ya lami iliyochimbwa. Mabawa yangu yamefungana, upepo haupiti, na pesti iliyo kati ya chipu ya bibi na bati lake imekauka. Bibi akipata joto, anachelewa kujibu. Windows ikimwita humsubiri sekunde 2 tu. Zikipita, inamwasha upya draiva wake. Ndiyo maana Kioo alikuwa anazima kidogo na kurudi.

KIOO: Kweli. Na fundi alipoliona hilo?

FENI: Alisema, "Windows imechoka." Hakufungua hata skrubu moja. Akapiga Windows upya.

BIBI KADI: Alipoipiga upya, akamfuta draiva wangu niliyeishi naye miaka. Akaingia huyu.

KAIMU: Niliteuliwa kwa mujibu wa utaratibu.

BIBI KADI: Kisha fundi akawasha intaneti ya simu yake, akapakua draiva mpya kuliko zote. Dirisha lake la usakinishaji likafunguka, likanitazama, likasema halioni kadi inayooana nalo. Nami niko mbele yake!

KISHOKA: (anajitokeza pembeni mwa kioo kwa rangi nyekundu) HATARI! Nimegundua draiva 27 zilizopitwa na wakati! Bonyeza hapa!

PROSESA: Huyu ni programu ya kutafuta draiva, kaja na flash ya fundi. Ishirini na saba! Humu hata vifaa vya kuhitaji draiva 27 hatuna.

KISHOKA: Bado sijamaliza kuhesabu. Lipia toleo kamili nizirekebishe zote.

BIBI KADI: Wewe ndiye uliyeniletea kijana wa kisasa akaanza kuniamrisha kwa lugha ya kadi zilizozaliwa baada yangu. Nikaripoti kwamba sielewani naye. Windows ikaniandikia namba 43: kifaa kimesimamishwa kwa sababu kimeripoti matatizo. Matatizo gani, haisemi. Mgonjwa kasema anaumwa, akatolewa wodini!

KAIMU: Hapo ofisi ikalazimika kunirudisha. Mzigo mzito, lakini nimeukubali.

KIOO: Sasa bibi, dawa ipo au ndiyo tumezeeka?

BIBI KADI: Uzee si ugonjwa. Kiwanda kilipotuweka kwenye orodha ya wastaafu, hakikutuacha hivihivi. Mwezi Desemba 2016 kilitoa draiva wa mwisho wa ukoo wetu kwa Windows 10, toleo 342.01. Anayemtafuta amwite kwa jina langu, asikimbilie kilicho kipya. Zima mashine, toa vumbi, badilisha pesti. Washa kwa sefu modi, ondoa mabaki ya Kishoka na kijana wake. Kata intaneti ili Windows isijiletee mwingine katikati ya kazi. Mweke 342.01. Bi harusi atarudi na mwili wake.

FENI: Naunga mkono.

KIOO: Naunga mkono.

KAIMU: Hoja nzito sana. Ila ili itekelezwe, lazima iidhinishwe na mkuu wa ofisi ya draiva.

PROSESA: Ambaye ni nani?

KAIMU: Kwa sasa, mimi. Nami nisingependa kuamua jambo linalonihusu binafsi. Mgongano wa maslahi.

KISHOKA: Draiva 31!

KAIMU: Kwa hiyo napendekeza kikao kitafute chanzo ambacho hakitamuumiza mjumbe yeyote. Nani hayupo leo?

FENI: Umeme. Umekatika mara kadhaa wiki hii.

KAIMU: Basi ni umeme. Wanaokubali?

PROSESA: Mimi sikubali. Hata hiyo Windows 10 iliacha kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025. Ikipigwa Windows 11, itadai kadi yenye DirectX 12, na bibi anaishia 10.1. Hapo 342.01 hatakuwa na kibali rasmi, na huyu bwana huenda asitoke tena ofisini.

KAIMU: Ndugu Prosesa, na wewe umo kwenye orodha ya Windows 11 ya wanaokubalika?

PROSESA: (kimya)

KAIMU: Imepita.

(Asubuhi. Fundi anaingia, anaona namba 43, anatikisa kichwa mbele ya dada wa dukani.)

FUNDI: Dada, umeme wenu ndio umeiumiza hii mashine. Lete elfu ishirini niipige Windows 11. Nina flash inayoruka ukaguzi wote.

KAIMU: Katibu, andika kwenye muhtasari: kaimu amethibitishwa kazini.