Matandiko Saba ya Mbwa wa Eastlands, Kutoka Baya Hadi Bora

Mbwa wa Eastlands ana kazi mbili: kubweka saa nane za usiku paka akipita juu ya mabati, na kunyamaza mwizi akija. Hata hivyo, mfanyakazi ni mfanyakazi, na anayelipwa ugali na mifupa anastahili angalau pa kulala. Jua la mchana lisikudanganye. Uwanja wa ndege wa JKIA, jirani na Embakasi, uko mita 1,624 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai kipimajoto hushuka hadi nyuzi 11 au 12. Mbwa wako, Bosco, yuko nje, ubavuni mwa tangi la maji linalovuja. Basi tuhesabu kuteremka, Buruburu hadi Dandora.

7. Godoro la sponji
Mtoto amepata godoro jipya, la zamani ukampa mbwa, ukajiona mfadhili. Asubuhi vipande vimetapakaa ploti nzima, kimoja kimenasa kwenye kamba ya nguo za jirani. Sponji hunywa mvua na mkojo isikauke wiki nzima, na kipande kikimezwa chaweza kuziba utumbo. Bili ya daktari wa mifugo itakuonyesha bei halisi ya godoro la bure.

6. Gazeti
Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Agosti 2017, gazeti kuukuu limepanda cheo: mwenye bucha analitaka, mwenye mandazi analitaka. Waachie. Likilowa hugeuka uji, na habari za wanasiasa hazijawahi kumpa mtu joto, sembuse mbwa.

5. Blanketi kuukuu
Soko la Gikomba utalipata la kila rangi. Usimnunulie la kamera, yaani mtumba wa daraja la kwanza. La fagia, lile la daraja la mwisho, linamtosha, kwa sababu usiku wa kwanza atalivuta hadi topeni kisha alale kando yake. Blanketi lililolowa humpoza mbwa badala ya kumpasha joto. Isitoshe, mayai ya viroboto hudondoka kutoka kwenye manyoya na kuanguliwa humo humo kwenye matandiko. Lifue kwa maji moto kila wiki. Huwezi? Basi umefungua kituo cha uzazi.

4. Katoni
Muulize mwenye duka, atakupa bure. Hewa iliyofungwa katikati ya karatasi zake huzuia ubaridi wa simiti vizuri kuliko unavyodhani. Adui yake ni mvua: ikilowa, toa, weka nyingine. Na usione wivu Bosco akilala juu ya katoni ya televisheni ya inchi 55 ambayo wewe bado unailipa polepole.

3. Maranda ndani ya gunia
Nenda kwa mafundi wa samani Gikomba, lakini wahi kabla ya wafuga kuku. Chukua yale maranda marefu yaliyojikunja, yanayotoka kwenye randa. Vumbi la msumeno liache, litamwingia puani na machoni. Uliza pia kama mbao zilitiwa dawa. Zikiwa zimetiwa, shukuru uondoke. Yashindilie kwenye gunia la katani, si la nailoni, maana mbwa hutafuna nyuzi za nailoni na kuzimeza. Ushone mdomo, godoro tayari.

2. Mabua ya ngano
Hutoka mashamba ya kina Narok na Njoro yakiwa yamefungwa marobota. Ulizia kwa wauza chakula cha mifugo. Bua lina uwazi ndani, kwa hivyo hushika hewa, na hewa ndiyo hushika joto. Mbwa huchimba, huzunguka, hujifukia mpaka ibaki pua tu. Usichanganye na nyasi za kulisha ng'ombe, hizo hunyonya unyevu na kuota ukungu upesi. Mpangaji wa ghorofa ya tatu akikuuliza umenunua ng'ombe lini, mwambie maziwa ni kesho.

1. Paleti
Najua, si tandiko. Ila simiti hunyonya joto la mwili usiku kucha, na mvua ya Aprili hupita chini ya geti bila kubisha hodi. Nunua paleti moja ya mbao, ikate ienee kibandani mwa mbwa, ng'oa kila msumari uliochomoza, kisha ndipo utandike. Mlango wa kibanda uwe mdogo na uupe upepo kisogo. Ukifanya hivyo, kila kilichotajwa hapo juu kinapanda daraja, isipokuwa sponji.

Kabla ya kulala, chomeka mkono ndani ya matandiko hadi chini. Ukitoka na unyevu, badilisha usiku huo huo. Mbwa mkavu ni mlinzi. Aliyelowa ni mpangaji mwingine tu asiyelipa kodi.