Mashine Nayo Huogeshwa

Tunadhani mashine ya kufulia hujiosha yenyewe, maana kila siku inapitiwa na maji na sabuni. Ndiyo sababu mashati yanatoka humo yakinuka kama tambara la deki lililosahauliwa kwenye ndoo. Tukilisikia shati linavunda, tunaongeza sabuni. Likizidi, tunaongeza dawa ya kulainishia nguo, ile yenye picha ya maua. Bado? Tunafukiza udi. Kanzu ya Ijumaa inakwenda msikitini na harufu mbili, na jasho likianza kutoka, ya udi ndiyo inayotangulia kuondoka.

Basi kwanza acheni kuulisha uvundo. Sabuni iliyozidi na hiyo dawa ya maua hubaki kwenye kuta za ndani zikafanya utelezi, na ukungu na bakteria hustawi humo. Mwaka 2012 watafiti wa Japani walimtaja bakteria mmoja, Moraxella osloensis, kuwa chanzo cha uvundo wa nguo zilizokwisha kufuliwa. Huyu hata nguo ikikauka hafi. Anangoja tu ilowe tena.

Sasa piga magoti. Kama mashine yako ni ya mlango wa mbele, shika ule mpira wa mlangoni kwa vidole uukunjue. Utakuta maji yaliyolala, madoadoa meusi, pini ya mtandio, sarafu, na soksi ya mtoto iliyotafutwa nyumba nzima. Futa mpaka ndani kabisa kwa tambara lenye jiki iliyochanganywa na maji. Siki ibaki jikoni: ikikutana na jiki hutoa gesi ya klorini, na gesi hiyo huumiza mapafu. Droo ya sabuni ichomoe, isugue kwa mswaki uliochakaa. Halafu kile kijimlango cha chini, penye chujio: tandika matambara, weka sinia, fungua polepole. Yatatoka maji meusi yenye harufu ile ile uliyokuwa ukiwasingizia watoto.

Ukimaliza, iendeshe tupu kwa maji ya moto, nyuzi 60 au zaidi, na urudie kila mwezi. Kufulia maji baridi kunabana umeme, sawa, lakini utelezi hautoki kwa baridi.

Lililo kubwa kuliko yote halina gharama: mkifua, toeni nguo papo hapo, na mlango wa mashine uachwe wazi, na droo pia. Dar, Tanga na Mombasa wakati wa masika hata ukuta unatoa jasho; pipa lililofungwa litakaukaje? Kama nyumbani kuna mtoto anayetambaa, acha upenyo mdogo na ufunge mlango wa chumba. Taulo na shuka zilizokwisha kuvunda zifuliwe upya kwa maji ya moto, kisha zianikwe juani mpaka mishono ikauke.