Shemeji na Bia ya Moto

Shemeji hakataliwi. Mtu baki akikuletea balaa mlangoni unamfukuza. Kaka wa mkeo akija nalo unamvutia kiti. Ndivyo nilivyojikuta Jumamosi iliyopita uani kwangu, Tabata, mbele ya chupa mbili nyeusi na sigara mbili nene kama mihogo, nikifundishwa kustarehe.

Shemeji anaishi Marekani na amerudi likizo akiwa mtaalamu. Ile sigara usiiite sigara. Ni siga, imesokotwa kwa mkono huko Estelí, Nicaragua. Na ile bia usiiite bia. Ni stauti, imetoka kwenye kiwanda kidogo kinachopika mapipa machache tu. Viwili hivyo, akasema, ni mume na mke. Nikamtazama dada yake aliyesimama dirishani, nikanyamaza.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuzipeleka chupa kwenye friji. "Shemeji, unaiua!" Kumbe stauti nzito haitaki baridi kali. Nyuzi 12 au 13 zinatosha. Ikipoa zaidi ulimi unakufa ganzi na ladha inajificha. Sasa pale baa kwetu kuna mzee mmoja, mhudumu akimuuliza "Ya baridi au ya moto?" hujibu bila kufikiri, "Ya moto, mwanangu." Miaka yote tumemcheka tukidhani meno yanamsumbua. Kumbe mzee ni mtaalamu, amekosa nauli tu.

Kosa la pili nililifanya kwa uzalendo. Niliuliza kwa nini tuvute ya Nicaragua na tumbaku ya Urambo ipo. Darasa likafunguliwa. Ya Urambo hukaushwa kwa joto la moto ndani ya mabani, ikaenda kutengeneza sigara za kawaida. Ya siga huanikwa kwa hewa, kisha majani hulundikwa kwa miezi mpaka yajipashe joto yenyewe, kama ndizi zilizovundikwa. Jani la nje likikaa humo zaidi huwa jeusi, na Wahispania huliita maduro, yaani lililoiva. Stauti nayo weusi wake unatokana na shayiri iliyokaangwa kama buni. Kilichokaribia kuungua kikikutana na kilichokaribia kuungua, hiyo ndiyo ndoa. Nyumbani kwangu, ukiunguza vitu viwili siku moja, shangazi anapigiwa simu.

Tukawasha. Hata kuwasha kuna masharti: kwanza unakata kichwa, kisha unaipasha ncha moto kidogokidogo, na majivu hukung'uti, unayaacha yarefuke.

"Unapata nini mdomoni?"

"Moshi."

"Nenda ndani zaidi, shemeji."

Nikaenda ndani zaidi. Hakuniambia kwamba moshi wa siga haumezwi. Nilikohoa hadi jirani akazima redio kusikiliza. Machozi yalipokauka, mwenzangu alikuwa amefumba macho akihesabu: kahawa, chokoleti, ngozi, udongo ulionyeshewa. Ngozi mimi naijua ya viatu, na udongo ulionyeshewa ninao barabarani kila masika. Sijawahi kuutamani.

Kisha akaniuliza kama nina sanduku la kuhifadhia siga, lenye unyevu wa asilimia 70 hivi. Wenzetu hulinunua kwa fedha nyingi. Shemeji, suti yangu ya harusi imeota ukungu kabatini! Mwezi wa nne Dar es Salaam nzima ni sanduku la siga, na sisi ndio tuliofungiwa humo.

Kilichonichoma zaidi ni ukoo wa hiyo bia. Mama yake stauti ni porta, bia ya London ya karne ya 18, na jina hilo ilipewa kwa sababu ya wapagazi walioipenda baada ya kubeba mizigo kutwa. Nikauliza bei ya chupa. Alipoitaja, nikamfikiria kijana wa Kariakoo anayesukuma mkokoteni tangu alfajiri. Kinywaji cha wapagazi, na mpagazi hawezi hata kununua kizibo!

Nilipoinuka kwenda msalani, ua uliinuka nami. Ndipo nikasoma lebo: mililita 330, kilevi asilimia 10. Piga hesabu. Kichupa kile kina kilevi kingi kuliko chupa yangu ya kawaida ya nusu lita yenye asilimia 5, na mimi nilikuwa nimekinywa kwa mwendo wa soda. Nililala na viatu. Mama Neema alilala chumba cha watoto, akisema nanuka kama tanuri la mkaa.

Jumatatu shemeji akapanda ndege, nami nikashukuru. Jioni nimekaa uani na chai yangu, mama Neema akatokea.

"Baba Neema, kile kipande cha siga umekitupa?"

"Cha nini?"

"Jumamosi sikuona mbu hata mmoja."

Hakuuliza habari za ngozi wala chokoleti. Alikiwasha, akakichomeka kwenye mdomo wa chupa tupu ya stauti, akaiweka chini ya meza. Mume na mke, hatimaye pamoja. Tatizo ni moja: siga isipovutwa huzimika. Kwa hiyo kila baada ya dakika chache naitwa mimi, mtaalamu, nipige magoti nivute mara mbili.

Simezi.